Jinsi ya kuseti tableti moja ya bei poa iwe maktaba yako ya katuni na sinema ya nyumbani

Kama we ni mtu wa kawaida tu, una kazi yako, una familia, ila ukisikia simu mpya imetoka lazima uangalie video ya jamaa anafungua boksi, na trela ya muvi ya mashujaa ikitoka unaiangalia mara tatu kabla hujalala, basi haya nayoandika hapa ni yako. Mi sio fundi wala sio mchoraji, ni msomaji tu, nimeanza kupenda hivi vitu tangu enzi gazeti la katuni la Sani linazunguka mtaani kwa zamu, la kina Lodilofa na Madenge na Ndumilakuwili, nakala moja inasomwa na nyumba sita mpaka kava linatoka, na jioni tukipata hela ya kiingilio tunabanana kibanda umiza kuangalia mkanda ambao Lufufu kautafsiri Kiswahili. Wakati ule katuni iko kwa huyu, deki iko kwa yule, TV iko kwa jirani. Sasaivi vyote vinakaa kwenye tableti moja unayoiweka chini ya mto, na hauhitaji ile mpya kabisa ya mamilioni, ya kawaida inatosha kabisa ukijua cha kuangalia.

Nimeseti yangu, nikaseti ya dada, nikaseti na za rafiki zangu wawili, kwaiyo naandika kitu nilichofanya kwa mikono yangu.

Anza na skrini

Ukiingia dukani muuzaji ataanza na RAM, kamera, na rangi ya kava. Msikilize kwa heshima alafu muombe akuwashie. We kazi yako ni kusoma na kuangalia, kwaiyo hela yako karibu yote inaenda kwenye kioo.

Umbo la kioo ndo watu wengi wanakosea. Ukurasa wa komiki ya Kimarekani una upana wa sentimita 17 hivi na urefu wa 26, yaani urefu ni mara moja na nusu ya upana na kidogo. Kitabu cha manga cha Kijapani ni kidogo zaidi, sentimita 11 kwa 17 na ushee, ila umbo lake ni lilelile. Sasa tableti ziko za aina mbili kubwa, kuna zile pana zinaitwa 4:3 na zile ndefu za 16:10. Utaambiwa 4:3 ndo ya kusomea, na ni kweli kama unasoma PDF za A4 za chuo. Kwa komiki mi nilikaa nikapiga hesabu na rula. Kwenye inchi 10 ya 4:3 ukurasa unapata upana wa sentimita 13.3 na pembeni inabaki nafasi tupu karibu sentimita 2, kwenye inchi 10 ya 16:10 ukurasa unapata upana wa 13.5. Kwa hiyo hapo wako sawa, na ukilaza ile ndefu uangalie muvi picha inakuwa kubwa kuliko kwenye ile pana. Ndo maana nikachagua 16:10, na dada nikamchagulia hiyohiyo.

Baada ya umbo angalia idadi ya nukta. Kwenye inchi 10 usishuke chini ya 1920 kwa 1200. Zipo nyingi za 1280 kwa 800, bei inavutia kweli, muvi ya vita inaonekana fresh tu ila ukifungua katuni yale maneno madogo kwenye viputo yanakuwa na ukungu, unakunja macho, dakika kumi kichwa kinauma unaacha. Hiyo tofauti ni ya nukta 151 kwa inchi dhidi ya 226, na jicho linaiona bila kuambiwa.

Nenda dukani na memori kadi yako yenye ukurasa mmoja wa komiki, chagua ukurasa wenye maneno mengi na eneo kubwa jeusi. Ufungue. Soma kiputo kidogo kuliko vyote bila kukuza. Alafu iinamishe tableti kushoto, kulia, juu, chini, kama rangi zinageuka kama negativu ya picha hicho kioo sio IPS, ile aina inayoonekana vizuri kutoka kila upande, rudisha. Kwenye eneo jeusi angalia kama kuna mwanga unavuja pembeni. Mwisho shika kialama chochote cha programu, kiburute polepole kupita kioo chote mistari mistari, kikidondoka sehemu ileile mara mbili jua hapo tachi imekufa.

Usidanganywe na namba

Hapa niseme kwa uchungu maana limenikuta. Tableti yangu ya kwanza boksi limeandikwa 512GB, na ndani kwenye setingi inasoma 512GB, nikalipa nikaenda nyumbani nikaanza kujaza. Muvi za mwanzo zikafunguka, baadae zikagoma, baadae na zile za mwanzo zikaanza kugoma. Memori ya kweli ilikuwa 32, kilichobaki kilikuwa maandishi tu kwenye skrini, ilivyokuwa inajaa inaandika juu ya vya zamani. Nilipoteza katuni nilizokuwa nimepiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa wiki mbili, hela niliisahau ila zile kurasa bado zinaniuma.

Kwaiyo fanya hivi. Nenda na laptopu au flashi ya OTG, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye tableti, hamishia faili kubwa kubwa mpaka uvuke 40GB hivi, alafu fungua faili la kwanza na la mwisho uone yote yanacheza. Muuzaji mwaminifu atakuvumilia, mnunulie maji mkae. Kwa memori kadi kuna programu ya bure ya Windows inaitwa H2testw, inaijaza kadi yote alafu inasoma tena, inakupa ukweli wote. Ifanye siku ileile uliyonunua wakati risiti bado ina nguvu.

RAM 4GB inatosha kwa kazi hii. Ukiona wameandika 8+8 ujue ile nane ya pili sio RAM, ni memori ya kawaida imeazimwa ifanye kazi ya RAM, na inaenda taratibu kuliko RAM yenyewe, usiilipie kama kitu cha ziada.

Kingine ambacho hakiandikwi kwenye boksi ni Widevine. Ni kufuli la video za kulipia. Tableti yenye L1 inaweza kukuonyesha Netflix kwa HD, yenye L3 peke yake itakupa picha hafifu hata kama kioo ni kizuri namna gani na umelipia kifurushi cha juu. Shusha programu ndogo inaitwa DRM Info, fungua, tafuta neno Security Level. Inachukua dakika mbili, nimeona watu wamekaa na tableti mwaka mzima wanalaumu mtandao kumbe tatizo lilikuwa L3.

Kama ni mtumba, na mi napenda mtumba maana tableti ya daraja la juu ya miaka mitatu nyuma ina kioo kizuri kuliko mpya ya bei ya chini, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako mpaka ianze upya. Ikiwaka ikadai akaunti ya Google ya mtu mwingine, ondoka, hata kama anakuambia kuna fundi anatoa. Kama inaingia laini, bonyeza *#06# upate IMEI, na kwa Tanzania itume kwa meseji kwenda 15090, unarudishiwa jina la kifaa. Jina likija tofauti na ulichoshika mkononi usinunue. Chomeka chaja uicheze kidogo, inakatika katika? Tundu limechoka. Acha iwake na muvi dakika ishirini uone betri inashuka asilimia ngapi, ikishuka zaidi ya kumi betri imezeeka na bei lazima ishuke.

Na kuhusu mpya kabisa. Najua ule moto wa siku ya uzinduzi, hata mi naangalia laivu. Ila toleo jipya likitoka lile la nyuma yake linashuka bei, na kwa kusoma na kuangalia hautaona tofauti yoyote. Mi nasubiri jipya litoke, alafu nanunua la jana.

Mafaili ya katuni hayana uchawi

Utakutana na mafaili yanaishia na CBZ na CBR, wengi wanaogopa. CBZ ni zip ya kawaida yenye picha ndani, wamebadilisha jina la mwisho tu, CBR ni hivyohivyo ila ni rar. Basi. Kwaiyo na we unaweza kutengeneza yako, na hili ndo jambo nalolipenda kuliko yote kwenye huu mpango mzima, maana magazeti yetu ya katuni ya zamani mengi hayapo mtandaoni, yapo kwenye masanduku ya wajomba yanaliwa na mchwa. Kama unazo nakala za zamani, za Sani, za Kingo ya James Gayo, chochote, zihifadhi kwa ajili yako na wanao kabla karatasi haijawa unga.

Namna nafanya mimi: naweka meza karibu na dirisha saa nne asubuhi hivi, jua lisipige moja kwa moja, flashi ya simu nazima. Gazeti nalifungua, juu yake naweka kioo kisafi cha fremu ya picha ili ukurasa ulale, simu naiegesha juu ya vitabu viwili pande mbili iwe sambamba na meza, isiinamike. Kioo kikirudisha mwanga sogeza meza, usisogeze simu. Piga kurasa zote za kulia kwanza alafu zote za kushoto, inaenda haraka zaidi na kila picha inakuwa na ukubwa mmoja. Kata kingo. Sasa hapa makini: majina ya picha yape namba za tarakimu tatu kufuata mpangilio wa kurasa, 001, 002, 003 mpaka mwisho, ukiandika 1, 2, 3 baadhi ya programu zitakusomea ukurasa wa 1 alafu wa 10 alafu wa 11 ndo wa 2, hadithi inavurugika unaona shujaa kashafungwa kabla hajaiba. Ziweke folda moja, ifanye zip, badilisha .zip iwe .cbz. Umemaliza, una komiki. Nakala weka na sehemu nyingine pia, flashi au laptopu, nimeshasema kilichonipata.

Usiiweke hadharani mtandaoni lakini, zina wenyewe, wachoraji na familia zao. Philip Ndunguru aliyechora Sani alifariki 1986 akiwa bado kijana na leo mistari yake bado inatambulika ukiiona tu, hiyo ni kazi ya mtu.

Programu ya kusomea kwenye Android natumia Perfect Viewer, kwenye Windows CDisplayEx. Zote zinafungua CBZ na CBR na zinakumbuka ulipoishia.

Wapi pa kupata vya kusoma bila kuiba

Manga ndo rahisi kabisa. Kuna MANGA Plus ya Shueisha, wale wale wachapishaji wa Kijapani wenyewe, ilianza 2019, sura za mwanzo na za karibuni za hadithi nyingi ni bure na zinatoka siku moja na Japani. Kiswahili hawana, ila Kiingereza na Kifaransa wanacho, kwaiyo hata ndugu zetu wa Kongo na Burundi wako vizuri. WEBTOON nayo bure kwa sehemu kubwa, hizi zimetoka Korea, zinachorwa kushuka chini kama unavyoshusha meseji, kwa hizi simu ni nzuri kuliko tableti, mi nasoma nikiwa kwenye foleni.

Za Kimarekani za zamani zile za miaka ya 1940 na 1950 ambazo haki zake zimeisha, zipo Digital Comic Museum na Comic Book Plus, unashusha faili lako halali kabisa. Karatasi ya njano, rangi za nukta nukta, hadithi za wapelelezi na kauboi na sayari, zingine michoro mikali mpaka unasahau kusoma maneno. Kwa Kenya kuna Shujaaz, ilianza 2010, iko kwa Sheng, ilikuwa inagawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda, ukiipata isome hata kama Sheng inakupiga chenga maana wale watu wanajua mtaa.

Za sasa za mashujaa wakubwa ni za kulipia. Nunua moja moja usijiunge na kifurushi siku ya kwanza, kwanza ujue unapenda nini, na hakikisha kadi yako ya kulipia mtandaoni, ile unayoitengeneza kwenye simu, inakubaliwa kabla hujaanza kujaza fomu.

Uanzie wapi

Hili swali naulizwa kuliko mengine, mtu katoka kuangalia muvi, moyo unawaka, anataka kusoma, anafungua anakuta namba 1 ya mwaka 1962 na namba 1 ya 1999 na namba 1 ya mwaka huu zote za mtu mmoja, anaacha. Wachapishaji wa Marekani wanaanza namba upya kila mara, mwandishi mpya akiingia namba inarudi moja. Kwaiyo usianze na namba. Anza na mhusika uliyempenda kwenye muvi, alafu tafuta kitabu kimoja kilichokusanya matoleo matano au sita yenye hadithi moja inayoanza na kuisha. Kisome hicho tu. Ukikipenda angalia nani kaandika na nani kachora, fuata hao watu badala ya kufuata mhusika, maana mhusika anapita mikono mingi na mikono mingine sio.

Na usisikie vibaya kwamba haujui historia yote. Black Panther alitokea mara ya kwanza 1966 kwenye toleo la 52 la Fantastic Four, muvi yake ikaja 2018, hapo katikati ni miaka 52 ya hadithi, hakuna anayezianza zote toka mwanzo. Mi nilisoma lile toleo la 1966 baada ya muvi na nikafurahi kuona Wakanda tayari ina msitu wa mitambo, wazo lote lilikuwa pale kwenye kurasa chache za mchoraji Jack Kirby, filamu imekuja kulipanua.

Sasa kusoma kwenyewe. Manga inasomwa kulia kwenda kushoto, kwenye Perfect Viewer kuna setingi ya uelekeo, igeuze unaposoma manga. Kaa na ukurasa mzima kwanza, sekunde mbili tatu, uuone wote kama picha, ndo uingie kwenye visanduku. Watu waliokulia kwenye simu wanakimbilia maneno, wanamaliza komiki dakika saba wanasema haina kitu. Angalia ile nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku, pale ndo kitu kinatokea, ngumi imeinuliwa huku, kule mtu yuko chini, lile pigo umelichora we mwenyewe kichwani. Muvi haiwezi kukupa hiyo. Zile picha zinazokula kurasa mbili laza tableti.

Usiku shusha mwanga, washa ile rangi ya joto, weka hali ya ndege. Meseji zikiingia katikati ya hadithi zinakutoa, na betri inakaa zaidi.

Muvi na bando

Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula kama 1GB kwa saa na HD inaenda mpaka 3GB kwa saa. Piga hesabu na bei ya bando lako ndo utajua kwanini sitaki uangalie laivu. Shusha kwanza. Ndani ya programu kuna sehemu ya ubora wa kushusha, weka Standard kwa tamthilia, weka High kwa ile muvi moja unayoisubiri kwa hamu. Shusha usiku kwa bando la usiku au kwenye waifai ya kazini kama wanaruhusu, hakikisha tu umeweka kushusha kwa waifai peke yake kama bando lako dogo, maana tableti ikipoteza waifai inaweza kuhamia kwenye data kimya kimya.

Kwa mafaili yako mwenyewe tumia VLC, ni ya bure na haina matangazo. Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni kuhamishia muvi kwenye memori kadi inakataa, inasema nafasi haitoshi na we unaona nafasi ipo. Kadi iko kwenye mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika 4GB. Ifomati iwe exFAT, ila formati inafuta kila kitu, hamisha vitu kwanza. Na tableti kadhaa za bei ya chini hazisomi exFAT, jaribu kabla hujajaza.

Faili likiwa H.265, namna mpya ya kubana video, linakuwa dogo karibu nusu ya lile la H.264 ya zamani kwa picha inayofanana, ni nzuri kwa memori ndogo, ila tableti ya zamani inaweza kukwama kwama, picha inabaki nyuma sauti inaenda. Ikitokea hivyo chukua H.264.

Sabtaito: lile faili dogo la .srt lipe jina lilelile la muvi herufi kwa herufi, liweke folda moja, VLC italichukua lenyewe. Maneno yakitangulia au kuchelewa kuna kitufe cha kusogeza ndani ya VLC, sogeza nusu sekunde nusu sekunde mpaka mdomo na maneno vikutane.

Jumamosi ukutani

Hii ni hiari ila ndo raha yenyewe. Projekta ndogo. Hapa namba za uongo ni nyingi kuliko kwenye tableti. Lumens zilizoandikwa kwenye boksi kwa maelfu usizihesabu, uliza ANSI lumens, ni kipimo chenye utaratibu, na kama muuzaji hana hiyo namba mwambie aiwashe pale dukani taa zikiwa zimezimwa. Neno "support 1080p" maana yake inaweza kupokea hiyo picha, haimaanishi inaitoa, we uliza native ni ngapi, yaani nukta zake halisi. Nyingi za bei ya chini ni 480p, kwa ukutani inchi 60 zinavumilika, ukienda inchi 100 nukta zinaonekana. Ukipata native 720p au 1080p ya mtumba chukua.

Kabla hujanunua kebo uliza kama tundu la Type-C la tableti yako linatoa picha, nyingi za kawaida halitoi kabisa, hata ununue kebo ya gharama. Kama halitoi, weka muvi kwenye flashi uchomeke kwenye projekta, au tumia laptopu. Ujue pia muvi uliyoshusha kwenye Netflix haitoki kwenye tableti kwenda projekta kirahisi, ile kufuli ya video inaweza kuleta skrini nyeusi, kwaiyo usiku wa projekta pangia mafaili yako mwenyewe.

Ukuta mweupe usiong'aa unatosha. Shuka jeupe likivutwa pembe nne lisiwe na mikunjo nalo sawa, nyuma yake weka shuka la rangi nzito ili mwanga usipenye. Projekta iwe katikati ya shuka usawa wa macho, ukiiinamisha picha inakuwa kama mdomo wa ndoo, kuna setingi ya kunyoosha ila inapunguza ukali wa picha. Sauti tumia waya. Spika ya Bluetooth mara nyingi inachelewa kidogo na kwenye muvi ya mapigano unaona ngumi kwanza mlio baadae, inaharibu kabisa.

Umeme. Pawabenki ya kweli ya 20,000mAh ina kama 74Wh ndani, kuna unaopotea njiani, kwa tableti ya inchi 10 utapata chaji moja na nusu hivi. Projekta nyingi haziwaki na pawabenki ya kawaida, kwaiyo umeme ukikatika mnarudi kwenye tableti, iegemeze kwenye sufuria, na spika yenye waya, mnasogea karibu.

Nyumbani kwetu tunaanza saa moja na nusu. Wanangu wadogo hawajaweza kusoma sabtaito kwa kasi, kwaiyo naweka sauti chini kidogo naanza kuwatafsiria, "sasa huyu anamwambia kaka yake mlango huo usifungue," nabadilisha sauti, mama naye anachangia kutoka jikoni, na mkubwa wa miaka tisa kasharuhusiwa kutafsiri dakika kumi za mwisho. Jumamosi iliyopita kabla ya muvi tulionyesha ukutani kurasa nane za katuni nilizopiga picha kwenye gazeti la babu yao, moja moja, kila mtu akasoma mhusika wake. Wameomba kurasa nane zingine wiki hii, kwaiyo kesho asubuhi saa nne nipo dirishani na kile kioo.